Kutoka Ngualla hadi Sumaku: Uchafu Uko Wapi?

Pale Uchira, chini ya miteremko ya Kirua Vunjo, barabara ya Moshi–Himo haikosi muziki. Spika ya saluni, redio ya duka la vocha, simu ya kijana wa bodaboda anayesubiri abiria wa kupanda mlimani: vyote vinatoa sauti kwa sababu ndani yake mna sumaku. Iliyomo kwenye simu ni ndogo kiasi kwamba ikidondoka kwenye meza ya fundi ni tabu kuiona, lakini huwezi kuibandua kwenye bisibisi kwa urahisi. Imetengenezwa kwa chuma, boroni na neodimiamu, mojawapo ya yale yanayoitwa madini adimu.

Sumaku ya namna hii ilitangazwa mwaka 1983 na watafiti wawili ambao kila mmoja alifanya kazi kivyake: Masato Sagawa wa kampuni ya Sumitomo nchini Japani, na John Croat wa General Motors nchini Marekani. Leo mota ya gari la umeme hubeba kilo 1 hadi 2 za sumaku hizo. Mitambo mikubwa ya upepo inayosimikwa baharini hubeba mamia ya kilo kwa kila megawati. Kwa hiyo kila nchi inayotaka kuachana na petroli inajikuta ikitafuta neodimiamu, ndugu yake praseodimiamu, na kiasi kidogo cha disprosiamu ili sumaku isipoteze nguvu ikipata joto.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Chombo kinachosifiwa kwa kutotoa moshi barabarani huenda kimeacha moshi, tindikali na tope lenye mionzi mahali kilikozaliwa. Chama cha wataalamu wa madini adimu cha China kiliwahi kukadiria kwamba katika eneo la Baotou, kila tani moja ya madini haya iliyosafishwa iliacha takriban mita za ujazo 75 za maji yenye tindikali na karibu tani moja ya mabaki yenye mionzi. Makadirio hayo ni ya zamani na yanahusu njia moja ya uzalishaji. Hata hivyo yanaonyesha kwa nini watafiti wa mabara yote wanahangaika kutafuta njia nyingine, na kwa nini jambo hili linaihusu Tanzania moja kwa moja.

Volkano isiyo ya kawaida

Ukitoka Kirua Vunjo ukaelekea magharibi, ukaupita Mlima Meru na kushuka Bonde la Ufa, utafika Oldoinyo Lengai. Mwaka 1962 mwanajiolojia Barry Dawson alichapisha maelezo yaliyowashangaza wenzake: lava ya mlima huo haikuwa mawe ya silika yaliyoyeyuka kama ya volkano nyingine, bali ilijaa kaboneti za sodiamu. Hutiririka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Ndiyo volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya aina hiyo.

Miamba ya jamii hiyo, iitwayo kabonataiti, ndiyo makazi makuu ya madini adimu. Kilimanjaro si mlima wa miamba hiyo. Volkano yake ni ya aina nyingine. Lakini Tanzania ina vilima kadhaa vya kabonataiti vilivyozimika zamani sana: Panda Hill karibu na Mbeya, Wigu Hill mkoani Morogoro, na kile kinachotajwa zaidi siku hizi, Ngualla, mkoani Songwe.

Ngualla kina umri wa takriban miaka bilioni moja. Katika muda huo mvua imekuwa ikiyeyusha chokaa iliyokuwa kwenye mwamba na kuiondoa, huku madini yasiyoyeyuka yakibaki na kurundikana karibu na uso wa ardhi. Matokeo yake ni akiba iliyokadiriwa kuwa tani milioni 18.5 za mbale zenye asilimia 4.8 ya oksidi za madini adimu, yaani kilo 48 katika kila tani. Madini yenyewe yamo kwenye jiwe liitwalo bastnesaiti, na mbale hizo zina kiwango kidogo mno cha urani na thoriamu. Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika, kwa sababu thoriamu ndiyo iliyoyafanya mabaki ya viwanda vingi vya madini adimu duniani kuwa mzigo wa vizazi.

Kwa maneno mengine, sehemu ya kazi ya kusafisha imekwisha kufanywa na mvua, na sehemu ya hatari haikuwapo tangu mwanzo. Kinachosalia ni kazi ya binadamu, nayo ina hatua tatu.

Hatua ya kwanza: kulitoa jiwe ndani ya jiwe

Mbale husagwa, huchanganywa na maji na dawa, kisha hupulizwa hewa ili chembe za bastnesaiti zing'ang'anie povu na kuelea. Povu hilo likikaushwa ni makinikia. Watanzania walilizoea neno hilo mwaka 2017, serikali ilipozuia makontena ya makinikia ya dhahabu na shaba katika bandari ya Dar es Salaam. Mpango wa Ngualla ni kuyapandisha madini kutoka asilimia 4.8 hadi karibu asilimia 45 ndani ya makinikia.

Kusaga hula umeme mwingi, lakini swali kubwa la hatua hii ni maji na tope. Watu wa Kirua Vunjo hawahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Kwa vizazi migomba na kahawa yao imenyweshwa kwa mifongo, mifereji ya asili yenye wazee wa kugawa zamu na siku maalumu za kuisafisha. Maji ya bomba ya mradi wa Kirua-Kahe nayo hushuka kwa mteremko kutoka chemchemi za mlimani hadi vijiji vya tambarare. Huko kila mtu anajua kwamba mchezo wa jirani wa juu hulipiwa na jirani wa chini.

Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, zilibomoka, na tope likafunika mashamba na kuharibu nyumba za watu. Lilikuwa tope la almasi, lisilo na tindikali ya kuyeyushia madini. Hatari ya namna hiyo ndiyo sababu migodi ya kisasa ya madini adimu inaanza kuachana na mabwawa ya tope na kukamua maji kutoka kwenye mabaki kwa mashine, kisha kuyapanga yakiwa makavu. Mountain Pass, mgodi wa California ambao nao unachimba bastnesaiti, hufanya hivyo, na kampuni ya MP Materials inayouendesha inasema sehemu kubwa kabisa ya maji yake huzunguka na kutumika tena. Mgodi huo ulijifunza kwa kuumia: katika miaka ya 1990 bomba la majitaka yake lilipasuka mara kwa mara jangwani, na mwaka 1998 kazi ya kutenganisha madini ikasimamishwa.

Hatua ya pili: kuwatenganisha ndugu

Makinikia hayajawa neodimiamu. Ni mchanganyiko wa elementi nyingi zenye tabia zinazokaribiana mno. Kuzitenga ni kama kutenganisha mchele wa Kyela na wa Mabogini baada ya kuchanganywa kwenye gunia moja, punje kwa punje. Hapa ndipo tindikali nyingi inapotumika.

Huko Baotou njia iliyozoeleka ni kuchanganya makinikia na tindikali kali ya salfuriki na kuyachoma kwenye tanuri linalozunguka. Njia hiyo huvunja kila kitu, na hutoa gesi za floridi na salfa. Bastnesaiti inaruhusu njia ya upole zaidi. Ikichomwa hewani bila tindikali, seriamu iliyomo hubadilika na kuwa ngumu kuyeyuka. Tindikali hafifu ya haidrokloriki ikimwagwa baadaye, huchukua neodimiamu na wenzake na kuiacha seriamu kwenye mashapo. Kwa kuwa seriamu ni karibu nusu ya madini yote yaliyomo na bei yake ni ndogo, kuiacha mapema kunapunguza tindikali, mafuta na ukubwa wa kiwanda kizima.

Baada ya hapo huja zoezi refu. Kimiminika cha madini hukorogwa pamoja na dawa iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Mafuta huchukua elementi moja kwa wingi kidogo kuliko nyingine. Vinaachwa vitulie, vinatenganishwa, na kazi inaanza upya. Kiwanda huweza kurudia hivyo mamia ya mara. Kila mzunguko unadai tindikali, alkali na maji.

Watafiti wanatafuta njia ya kuikwepa mizunguko hiyo. Mwaka 2018 Joseph Cotruvo na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania State walieleza protini waliyoiita lanmodulini, inayotengenezwa na bakteria aitwaye Methylobacterium extorquens. Bakteria huyo huhitaji madini adimu ili kimeng'enya chake kifanye kazi, na protini yake huyapenda kuliko kalisiamu kwa takriban mara milioni 100. Mwaka 2023 kundi hilo likaeleza protini ya bakteria mwingine, aliyepatikana kwenye machipukizi ya mwaloni, inayoweza kutofautisha neodimiamu na disprosiamu ndani ya maji, bila mafuta na bila joto. Bado ni kazi ya maabara. Lakini imeonyesha kwamba utenganishaji unaodai mamia ya mizunguko unaweza kukaribiwa kwa hatua moja.

Wengine wanatumia minara iliyojazwa punje za kunasa madini, kimiminika kikipitishwa juu na kutoka chini kikiwa kimejipanga kwa zamu: elementi hii kwanza, ile baadaye. Linda Wang wa Chuo Kikuu cha Purdue ameikuza njia hii kwa miaka mingi. Faida yake kwa nchi kama Tanzania ni kwamba mnara unaweza kujengwa mdogo na kuongezwa, tofauti na kiwanda cha kutenganisha kwa mafuta ambacho hakilipi mpaka kiwe kikubwa sana.

Hatua ya tatu: metali yenyewe

Kinachotoka kwenye utenganishaji ni oksidi, unga mkavu. Kuugeuza kuwa metali inayong'aa kunataka umeme upitishwe kwenye chumvi ya floridi iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi kama 1,050. Fito za kaboni zilizomo hushikana na oksijeni na kutoa kaboni dioksidi. Mtambo usiposimamiwa vizuri, kaboni hushikana pia na florini. Gesi inayopatikana, tetrafloridi ya kaboni, hulipasha joto anga zaidi ya mara 6,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi, na hukaa angani makumi ya maelfu ya miaka.

Dawa ya kwanza ni nidhamu tu: vipimo vinavyofuatilia mtambo dakika kwa dakika na kuzuia umeme usipande kupita kiasi. Dawa ya pili ni kubadilisha chumvi. Rohan Akolkar wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve ni mmoja wa wanaofanyia kazi chumvi za kloridi, zinazoyeyuka kwa joto dogo zaidi na zisizo na florini ya kuzalisha gesi hiyo. Dawa ya tatu ni chanzo cha umeme. Tanzania sasa ina Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mashine 9 zinazoweza kutoa megawati 2,115 kwa pamoja. Metali inayotengenezwa kwa umeme wa maji huanza safari ikiwa na mzigo mdogo wa kaboni kuliko ile inayotengenezwa kwa umeme wa makaa ya mawe.

Udongo usiohitaji karasha

Afrika Mashariki ina mfano mwingine ulio kinyume kabisa na Ngualla. Huko Makuutu, mashariki mwa Uganda, madini adimu hayamo ndani ya jiwe bali yamenata juu ya chembe za mfinyanzi. Akiba iliyotangazwa ni tani milioni 532, lakini kila tani ina takriban gramu 640 tu za oksidi. Ukilinganisha na kilo 48 za Ngualla, ni umaskini. Hata hivyo hakuna haja ya kupasua mwamba, kusaga wala kuchoma: udongo humwagiwa maji yenye salfeti ya amonia, na madini huachia. Serikali ya Uganda ilitoa leseni ya uchimbaji mkubwa mapema mwaka 2024.

Nishati inayookolewa kwenye karasha inaweza kulipiwa majini. Kusini mwa China, na baadaye katika jimbo la Kachin nchini Myanmar, dawa hizohizo zilipomiminwa kwenye vilima bila uangalizi ziliharibu mito na kusababisha maporomoko. Watafiti wa Taasisi ya Jiokemia ya Guangzhou wakaja na wazo la kupitisha umeme ardhini ili kuyasukuma madini upande mmoja. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2022, dawa iliyohitajika ilipungua kwa asilimia 80 na madini yaliyopatikana yaliongezeka mara 2.6. Mwaka 2025 walieleza jaribio lililohusisha tani 5,000 za udongo, ambapo zaidi ya asilimia 95 ya madini ilitoka na uchafuzi wa amonia ulipungua kwa kiwango kama hicho.

Wengine wanaacha kuchimba kabisa. Kampuni ya Rainbow Rare Earths ilianza uzalishaji Gakara, nchini Burundi, mwaka 2017, mpaka serikali ya huko iliposimamisha kazi mwaka 2021. Sasa nguvu zake ziko Phalaborwa, Afrika Kusini, kwenye mirundo ya jasi yenye takriban tani milioni 35 iliyoachwa na kiwanda cha tindikali ya fosforiki. Jiwe la huko limekwisha chimbwa, kusagwa na kupikwa na watu wengine zamani. Kinachobaki ni kuyaosha madini yaliyosahaulika ndani yake.

Na wapo wanaotegemea mimea. Aina moja ya kangaga, Dicranopteris linearis, hufyonza madini adimu kutoka ardhini na kuyahifadhi kwenye majani, hata gramu 2 au zaidi katika kilo moja ya majani makavu. Kangaga huyo huota pia Afrika Mashariki. Hakuna anayetarajia mota za dunia zitoke kwenye majani, lakini mmea unaovuna metali huku ukishika udongo wa mgodi uliokufa ni msaidizi mzuri wa ukarabati.

Nani anaamua

Aprili 2023 serikali ya Tanzania na kampuni ya Peak Rare Earths ya Australia zilitia saini mkataba wa Ngualla. Kampuni ya ubia, Mamba Minerals, inamilikiwa na serikali kwa asilimia 16. Awali Peak ilikusudia kusafisha makinikia katika kiwanda ambacho kingejengwa Teesside, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Mpango huo uliachwa, na makinikia yakapata mnunuzi, kampuni ya Shenghe ya China, ambayo mwaka 2025 iliinunua Peak yenyewe. Shenghe si mgeni wa bastnesaiti; iliwahi kuwa mwanahisa wa Mountain Pass pia.

Hii maana yake ni kwamba kati ya hatua tatu, ile inayojulikana kufanyika Songwe ni ya kwanza. Ya pili na ya tatu, zenye thamani kubwa zaidi na uchafu mwingi zaidi, huenda pamoja na makinikia. Mtu anaweza kufurahi kwamba tindikali inabaki mbali, na mwingine akasikitika kwamba ajira zinabaki hukohuko. Njia mpya zinaufungua mjadala huo upya, maana swali halibaki kuwa kiwanda kiwepo au kisiwepo, bali kiwe cha aina gani: kinachuja tope au kinalimwaga bwawani, kinarudisha kiasi gani cha maji, kinachoma kwa tindikali au kwa hewa, kinatumia umeme wa nani. Aprili 2025 China ilipoweka vibali vya kuuza nje aina 7 za madini adimu na sumaku zake, wanunuzi wa Ulaya, Japani na Marekani walianza kutafuta haraka vyanzo vingine, na wengi wao hudai maelezo ya mazingira kabla ya kulipa. Nchi yenye mbale zisizo na mionzi mingi na umeme wa maji ina la kuweka mezani.

Kuna chanzo kingine kisichosubiri leseni ya mgodi. Katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, wanasayansi waligundua kwamba sumaku ya neodimiamu ikiwekwa ndani ya gesi ya haidrojeni kwa joto la kawaida la chumba, humomonyoka na kuwa unga usio na usumaku, ukajitenga wenyewe na chuma na plastiki zilizoizunguka. Unga huo hutengenezwa sumaku mpya bila kupitia tindikali wala tanuri la chumvi. HyProMag, kampuni iliyozaliwa chuoni hapo, inasema njia hiyo hutumia nishati pungufu kwa asilimia 88 kuliko kuanzia mgodini. Makadirio yanayonukuliwa mara nyingi ni kwamba chini ya asilimia 1 ya madini adimu duniani hurudishwa kwenye matumizi.

Kikwazo ni ukusanyaji. Mtambo wa haidrojeni hulishwa kwa tani za sumaku, na sumaku hizo zimetawanyika kwenye hadisiki zilizokufa, spika zilizopasuka na mota za pampu zilizoungua, katika ofisi na karakana zisizohesabika. Nairobi ina WEEE Centre na Rwanda ina Enviroserve huko Bugesera, vituo vinavyopokea na kubomoa vifaa chakavu kwa utaratibu. Tanzania ilitunga kanuni za usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na elektroniki mwaka 2021. Fundi wa Moshi anayechomoa sumaku kwenye hadisiki na kuibandika ukutani kushikia bisibisi zake anafanya, bila kukusudia, kazi ya kwanza ya mlolongo huo; kinachokosekana ni mtu wa kuinunua kwake kwa kilo na gari la kuipeleka inakohitajika.